Kiti cha Saba katika Mji wa Kweupe

Katika darasa la watu wazima lililokuwa nyuma ya ghala la pamba palitundikwa ramani kubwa ukutani, na Bi Sikudhani, aliyeanza kusoma akiwa na miaka arobaini na tisa na watoto watano, alikuwa ameipitia yote kwa kidole, kutoka pembe hadi pembe. Nchi ya Pimani haikuwamo. Hata hivyo ni yeye, wala si mwingine katika darasa lile, aliyefika huko akakaa siku arobaini na mbili, na yanayosimuliwa hapa ni yale aliyoyaona kwa macho yake au kuyasoma kwa kidole hicho hicho. Njia aliyopita isitucheleweshe. Tumkute amekwisha kufika, ameongozana na mwenyeji wake Mama Tunu katika soko la mji uitwao Kweupe, Kata ya Korongoni, na ameanza kushangaa.

Kilichomshangaza kwanza ni kengele. Mbele ya meza ya nyanya alisimama bwana mmoja mwenye haiba, kanzu yake imepigwa pasi ikanyooka, na nyuma yake karani mwembamba aliyeshika kengele ndogo ya shaba.

"Mimi nataka fungu lile," alisema yule bwana.

Kengele ikalia. Bwana akakohoa, akaanza upya. "Fungu lile la nyanya linatakiwa."

"Linatakiwa na nani?" muuzaji aliuliza, uso mkavu kabisa, na meza zote za jirani zikaangua kicheko.

"Na mtu aliyesimama hapa."

"Watu waliosimama hapa ni wengi, bwana."

"Na yule mwenye kanzu," alisema bwana kwa unyonge, akapewa nyanya zake.

Mama Tunu, mjane mwenye mwendo wa haraka na sauti ya taratibu, alimweleza mgeni wake kwamba huyo ni Bwana Anzuruni, diwani wa kata yao kwa mihula miwili, na kwamba sasa yumo katika mchujo, yaani lile zoezi la kupima wagombea ili apatikane mmoja wa kupelekwa Baraza la Mji. Sheria ya Pimani ni kwamba mgombea akiingia kwenye mchujo, kwa siku tisa haruhusiwi kujitaja. Afisa wa Kengele humfuata toka alfajiri hadi jioni.

"Asijitaje?" aliuliza Bi Sikudhani. "Sasa atajisifuje?"

"Ndiyo maana yake, mgeni wangu. Hajisifu."

"Na watu watamjuaje?"

Mama Tunu alimtazama kama anayetaka kuhakikisha kwamba hataniwi. "Kwani kwenu mtu hujulikana kwa mdomo wake mwenyewe?"

Bi Sikudhani alikumbuka magari yenye vipaza sauti yaliyokuwa yakizunguka kwao majira ya uchaguzi, kila moja likilitaja jina moja mpaka watoto wachanga wakalijua kabla ya jina la baba. Akaona ni heri ajifanye anachagua bamia.

Hawajatoka sokoni, wakakutana na mzee aliyevaa kofia iliyofifia rangi na kuchanika ukingoni. Wapita njia walimsalimia kwa heshima, kisha kila mmoja akauliza swali lile lile: "Uliiuza kata yetu kwa bei gani, mzee?" Naye akajibu bila hasira, kama anayejibu salamu: "Kwa kofia, wanangu, na hata kichwani haikunitosha." Hiyo ndiyo Sheria ya Kofia. Anayepokea zawadi ya mgombea hapigwi wala hafungwi. Huivaa tu, au huibeba kama haivaliki, kila siku ya soko hadi muhula uishe, na kila anayemuuliza lazima ajibiwe. Mgombea aliyegawa kofia zile alikwisha kukimbia mji. Hakuna aliyemfukuza, ila kila alikokwenda alizikuta zikitembea.

Bi Sikudhani aliipenda nchi hiyo kwa mapenzi ya mtu aliyekuta jikoni kwa wenzake vyombo alivyokuwa akivitafuta miaka yote. Lakini nchi haikukaa ikitazamwa tu, nayo ilimtazama. Siku ya tatu alikuja nyumbani Mchujaji Mkuu, Bi Kuruthumu, mwanamke mnene mwenye miwani na daftari, akaketi kwenye mkeka bila kukaribishwa mara ya pili.

"Mgeni wetu, una ndugu katika kata hii?"

"Sina, bibi."

"Shemeji?"

"Sina."

"Umewahi kula kwa mgombea yeyote?"

"Nimekula kwa Mama Tunu tu."

"Mama Tunu hagombei." Bi Kuruthumu aliandika. "Wapimaji wa mchujo ni saba. Sita ni wenyeji, na wenyeji wana mashemeji. Kwa hiyo kiti cha saba ni cha mgeni aliyelala siku tatu. Utasikiliza, utapima, na utaandika ukurasa mmoja kwa mkono wako, kisha utausoma mbele ya watu. Unajua kusoma na kuandika?"

Miaka miwili nyuma Bi Sikudhani angelijibu swali hilo kwa kutazama chini na kuviringisha ncha ya khanga. "Najua," alisema. "Polepole."

"Hapa hatuna haraka," alisema Bi Kuruthumu, akaandika jina la mgeni.

Jioni ile Mama Tunu hakumwomba lolote, maana sheria inakataza mtu kumnong'oneza aliyekalia kiti cha saba. Alimchukua tu wakatembee. Mwisho wa kata ardhi ilikatika ghafla, likaonekana korongo refu lenye kingo za udongo mwekundu, na vipande viwili vya nguzo vimebaki vimesimama kama meno. Miaka sita iliyopita masika yalilisomba daraja. Ng'ambo, karibu kiasi cha kusikia watu wakizungumza, palikuwa na zahanati yenye kuta nyeupe. Wakati wa kiangazi watu waliteremka na kupanda. Mvua zikianza, korongo lilijaa na zahanati ikawa kitu cha kutazamwa tu. Masika ya mwaka juzi Mama Tunu mwenyewe alimzalisha jirani yake hapo ukingoni, kwenye majani. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tunu, binti yake, alikuwa na mimba ya karibu miezi minane. Masika yalikuwa yamebakiza wiki sita.

"Tumeona," alisema Mama Tunu. "Turudi, uji utapoa."

Wagombea walikuwa wawili. Wa pili aliitwa Bi Ngwasi, fundi mwashi, mwanamke mwenye viganja vigumu na maneno machache kiasi kwamba Afisa wake wa Kengele alikuwa amesinzia siku nne mfululizo. Mpango wake ulikuwa karatasi moja yenye mchoro. Mpango wa Bwana Anzuruni ulikuwa kurasa kumi na moja, umefungwa kwa utepe.

Siku ya tisa ikawa Siku ya Kubadilishana, na hapa ndipo Bi Sikudhani alipoona sheria nzuri kuliko zote. Mgombea wa Pimani hasimami kueleza mpango wake. Husimama kueleza mpango wa mpinzani wake, na lazima aueleze kwa haki mpaka mpinzani aseme "Ndivyo." Akiambiwa "Sivyo" mara tatu, ameanguka. Watu huja na mikeka, birika za kahawa na visahani vya kashata, wanakaa tangu asubuhi, na hakuna matusi, maana ni vigumu kumtukana mtu ambaye umetumwa kumweleza vizuri.

Bwana Anzuruni alianza, akiwa ameshika karatasi ya Bi Ngwasi kana kwamba imeandikwa na mama yake mzazi. Alieleza mawe yatakayochongwa kwenye machimbo ya kata yenyewe, nguzo nne badala ya mbili, zamu za kila mtaa, na siku thelathini za kazi kuanzia kesho ya mchujo. Alieleza jinsi mama mjamzito atakavyovuka mvua ikinyesha, mguu wake ukiwa mkavu. Wanawake walifuta macho. Bi Sikudhani, ambaye alikuwa amekwisha kuusoma mpango ule, aliuelewa upya.

"Ndivyo," alisema Bi Ngwasi. "Ila ameacha mifereji ya pembeni."

"Na mifereji ya pembeni!" alisema Bwana Anzuruni kwa furaha ya kweli, na watu wakapiga makofi.

Kisha akasimama Bi Ngwasi. Alizifungua zile kurasa kumi na moja, akazifunga. Wauza kahawa wakaacha kugonganisha vikombe.

"Mpango wa Bwana Anzuruni umesomwa mara tatu," alisema, akikwepa kengele. "Hauna kitu cha kuelezwa. Basi."

Akaketi.

Zogo lililozuka lilikuwa la watu waliokosewa adabu sebuleni kwao. Wapimaji saba waliinamiana kwenye benchi lao. Aliyeongea kwa ukali zaidi alikuwa Bwana Mkamba, fundi saa mwenye ndevu nyeupe, ambaye miaka mitano iliyopita aligombea yeye mwenyewe dhidi ya Bwana Anzuruni akashindwa.

"Huku si kueleza, ni kumvunjia mtu heshima," alisema. "Sheria inataka mpinzani aelezwe. Hata kama hukuona kitu, adabu inakutaka utafute!"

"Lakini akisema kweli?" aliuliza mpimaji mwingine.

"Kweli gani? Mpango huo huo niliueleza mwaka ule kwa kinywa changu. Watu walilia, mnakumbuka? Bwana Anzuruni mwenyewe alisema ndivyo."

Kura za wapimaji zilipigwa kwa kuinua mkono. Watatu walisema Bi Ngwasi ameanguka, watatu wakasema asikilizwe tena. Macho yote yakageukia kiti cha saba.

Bi Sikudhani alimwona Tunu mstari wa mbele, mikono imetulia juu ya tumbo. Alimwona Mama Tunu akitazama pengine kwa makusudi, ili asionekane anaomba. Hapo alijua anachotaka. Alitaka daraja. Lakini akajiambia kwamba kama atamchagua Bi Ngwasi kwa ajili ya tumbo la Tunu na uji aliokunywa siku tisa, basi naye amevaa kofia, na tofauti ni kwamba yake haionekani. Sheria ilisema mgombea amweleze mwenzake. Bi Ngwasi alisema sentensi mbili akaketi. Je, ameeleza au hakueleza? Hilo tu ndilo alilopewa kupima.

"Naomba huo mpango," alisema. "Niusome."

"Wote?" aliuliza Bwana Mkamba. "Mgeni wetu, jua litatua."

"Ninasoma polepole, kaka. Nitaanza na korongo."

Aliipata sehemu ya korongo ukurasa wa saba. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, kama alivyofundishwa na Mwalimu Nakijwa nyuma ya ghala la pamba, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya kata nzima: "Suala la uvukaji wa korongo litaendelea kupewa uzito unaostahili, kadiri hali itakavyoruhusu, kwa kuwashirikisha wote wanaohusika."

Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ilikuwa sentensi yenye kusomeka.

"Mwalimu wetu," alisema Bi Sikudhani, "alituambia kila tukimaliza sentensi tuiulize maswali manne. Nani? Atafanya nini? Wapi? Lini? Alisema mtu aliyejifunza kusoma ukubwani hana muda wa kusoma visivyojibu. Naomba mnisaidie, maana ninyi ni wenyeji. Nani?"

"Diwani!" walijibu wengi.

Kidole kilirudi mwanzo, kikapita polepole hadi mwisho. "Hakuandikwa. Atafanya nini?"

"Atajenga daraja!"

"Nionyesheni neno daraja."

Mwanamke mmoja alisimama ili aone vizuri, kana kwamba neno lingeweza kuwa limejificha upande wa nyuma. Bi Sikudhani alifungua ukurasa wa nane, wa tisa, wa kumi. Hakuharakisha. Kahawa ilipoa kwenye vikombe. Alirudi ukurasa wa kwanza akafuata kila mstari, na hakuna aliyenyanyuka kwenye mkeka wake, kwa maana watu wa Kweupe wana fadhila hiyo, kwamba kitu kikipimwa hukaa mpaka kipimwe. Kurasa kumi na moja hazikuwa na daraja. Hazikuwa na jiwe, wala siku, wala mtu.

"Lakini nililisema!" Bwana Mkamba alikuwa amesimama bila kujua. "Miaka mitano iliyopita nilieleza kwamba atajenga daraja la chuma, lenye kingo za kushikia. Watu wote walinisikia."

"Daraja hilo ulilitoa wapi, kaka?"

Bwana Mkamba alishika ndevu zake. "Kichwani mwangu," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayepata habari. "Niliona haiwezekani mtu mzima aandike kurasa kumi na moja bila daraja ndani yake. Nikamwekea."

Hapo ndipo kata nzima ilipoelewa kosa lake, na lilikuwa kosa ambalo watu wasio na adabu wasingeweza kulifanya. Kwa mihula miwili walikuwa wamemweleza Bwana Anzuruni kwa ukarimu mwingi hata wakampigia kura kwa mawazo yao wenyewe, kisha wakakaa wakisubiri ayatekeleze.

Bi Kuruthumu alivua miwani. "Bwana Anzuruni. Bi Ngwasi amesema mpango wako hauna kitu cha kuelezwa. Sheria inakuuliza kama inavyomuuliza kila mtu. Ndivyo, au sivyo?"

Sasa kila aliyekuwepo alijua kwamba neno lilikuwa moja tu. Akisema "Sivyo" mara tatu, Bi Ngwasi ataanguka, kwa kuwa sheria haimhukumu anayejibu, humwamini. Bwana Anzuruni aliutazama utepe wa kurasa zake. Aliwatazama watu waliowahi kumlilia. Alimtazama Tunu, kisha akatazama nchani mwa viatu vyake, ambavyo siku nyingi havikuwa vimekanyaga udongo wa korongoni.

"Ndivyo," alisema.

Hakuna aliyepiga makofi. Waliovaa kofia walizivua kwa heshima.

"Mimi..." aliendelea, na kengele ikalia kwa mazoea. Bi Kuruthumu alimpa ishara karani, naye akaiweka kengele chini, juu ya majani, ikalala ubavu.

"Mimi nilizoea kuelezwa vizuri kuliko nilivyokuwa," alisema Bwana Anzuruni. "Kila mliponieleza, nilikaa pale nikijifunza nilichokuwa nimekusudia. Nilisema ndivyo kwa sababu ilipendeza. Nisameheni."

Bi Sikudhani aliandika ukurasa wake mchana ule, peke yake, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya midomo. Haukujaa. Aliusoma akiwa amesimama wima:

"Bi Ngwasi ameueleza mpango wa mwenzake sawasawa. Hakuanguka. Anajua nani, nini, wapi na lini. Apewe korongo. Bwana Anzuruni anaeleza mawazo ya wenzake vizuri kuliko wao wenyewe, na amesema kweli siku ambayo uongo ungemfaa. Mtu kama huyo asipotee. Apewe kazi ya kueleza."

Mikono saba iliinuka, wa Bwana Mkamba ukiwa wa kwanza. Mji haukuwa na mgombea mwingine wa kata hiyo, kwa hiyo aliyepita mchujo alikuwa amepita. Siku iliyofuata Bi Ngwasi alikuwa machimboni kabla ya wapinzani wa jana kuamka, na barazani mjini, pale ambapo fundi mwashi angekwama kuomba nguzo na saruji mbele ya madiwani wenye maneno mengi, Bwana Anzuruni alisimama na karatasi ile moja mkononi akawaeleza mpaka wakatoa. Wale waliofika hapo husema hakuwahi kuongea vizuri namna hiyo, na kwamba alipoulizwa lini, alijibu siku.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya arobaini tangu mgeni afike. Siku ya arobaini na moja, saa nne asubuhi, Tunu alivuka korongo kwa miguu yake, mama yake akimshika mkono huu na Bi Sikudhani mkono ule, maji mekundu yakinguruma chini ya mawe. Mifereji ya pembeni ilikuwa inafanya kazi. Kabla ya adhuhuri alilia mtoto wa kike, na sauti yake ikasikika hadi ng'ambo, kwa kuwa ni karibu kiasi hicho.

Kwao Bi Sikudhani alirudi akakuta kura za maoni zimefika. Mgombea kijana, shati jeupe, alikuja na gari lenye kipaza sauti hadi mbele ya ghala la pamba, akataja jina lake mara nyingi, kisha wasaidizi wake wakaanza kugawa khanga. Ilipomfikia, Bi Sikudhani aliirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Ahsante, mwanangu. Naomba ile karatasi yako badala yake."

"Karatasi gani, mama?"

"Ya mpango. Umesema una mpango. Niusome."

Yule kijana alicheka, akatazama saa, akaitoa mfukoni mwa msaidizi wake. "Chukua, mama, ila tuna haraka. Tuna kata nzima ya kuzunguka."

Bi Sikudhani aliketi kwenye ngazi za ghala, mbele ya watu wote, akaikunjua karatasi juu ya magoti yake. Wenzake wa darasani walisogea mmoja mmoja wakamzunguka, na aliyekuwa amekwisha kupokea khanga aliikunja akaiweka chini.

"Hapa hatuna haraka," alisema, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.